Mkaguzi Aliyegonga Mifuko ya Simenti

Siku ya kwanza alipoingia kwetu hakuuliza vitabu vya hesabu viko wapi. Aliuliza simenti iko wapi. Kaka yangu mkubwa, mkurugenzi, alikuwa amemwandalia meza, kiti chenye mto, chupa ya maji na mafaili yaliyopangwa kwa rangi. Yeye akapita hapo kama hajaona kitu, akaenda moja kwa moja hadi stoo ya nyuma, akaanza kugonga mifuko ya simenti kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, ko. Mfuko wa tatu ukalia kama mlango wa mbao. Akaugeuza, akaugonga tena.

"Hii mmeiandika kuwa mali ya muda mfupi?"

"Ndiyo, madam," kaka akasema. "Ni stoki."

"Hii si stoki, hii ni jiwe. Iwekeni mlangoni watu wafutie matope."

Nilicheka. Kaka akanikata jicho, nikafunga mdomo, lakini moyoni nilishachagua upande. Mpaka leo akitajwa vibaya mbele yangu huwa sinyamazi, na mjini Nyamira ametajwa vibaya sana.

Kampuni yetu ilikuwa duka la vifaa vya ujenzi: mabati, misumari, nondo, rangi, simenti, mifereji ya maji ya mvua. Mtaji wa kuianzisha ulitoka kwa Mama, kwenye majani ya chai aliyoyachuma kwa mikono yake huko Manga tangu Baba afariki. Kaka alikuwa na shahada na tai, akawa mkurugenzi. Mimi nilikaa kaunta. Mama alikuwa na hisa nyingi kutushinda sote wawili, ingawa hakuna aliyemkumbusha jambo hilo. Na niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya: mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwenye ndoa iliyonishinda, nikajenga nyumba ya vyumba viwili kwenye kona ya shamba hilohilo la Mama, mimi na binti yangu. Msichana aliyerudi kwao haambiwi aondoke, lakini kila mtu anahesabu siku zake. Kwa hiyo mtu yeyote akitaja hati ya shamba la Manga, mimi ninasikia paa langu likitajwa.

Na kaka alikuwa anaitaja kila siku. Alitaka mkopo wa kufungua tawi kubwa kule Nyamache, na benki ilitaka vitu viwili: hesabu zilizokaguliwa na hati ya shamba iwe dhamana. Hati ilikuwa sandukuni kwa Mama. Ndiyo maana akamwita Mkaguzi. Alidhani anamwita mtu wa kupiga muhuri tu. Masikini!

Jina lake lilikuwepo, tena zuri, lakini hatukulitumia. Tulimwita Mkaguzi. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na koti la buluu alilolivaa jua liwake au mvua inyeshe. Alitembea na mfuko wenye viatu safi ndani, huku miguuni amevaa gambuti za mpira, kwa sababu alisema viatu vya ofisini vinamzuia mtu kuingia kila kona. Kweli aliingia kila kona. Ofisi ilikuwa mahali pake pa mwisho.

Hakunywa chai ya mteja. Katika nchi hii ya chai, ukikataa kikombe cha mtu umemtukana, naye aliwatukana wengi. Alikuja na chupa yake mwenyewe, akajimiminia mbele yetu bila haya. Kaka aliudhika sana. Alikuwa ametuma mandazi ya moto kutoka hoteli ya jirani.

"Madam, hata kikombe kimoja?"

"Nikinywa chai yako asubuhi, mchana nitaona haya kukuuliza risiti. Wape vijana wa stoo hayo mandazi. Wanaonekana wana njaa."

Hapo alikuwa ameshaanza kazi, maana baada ya mandazi aliwafuata vijana wa stoo akawauliza walilipwa lini. Alimuuliza na mlinzi. Mzee wa watu akajikuna kichwa, akasema, "Mshahara ya mwezi jana bado, Mama. Lakini bosi amesema iko njiani." Mkaguzi akamjibu kwa Ekegusii, lugha ya kwetu, kitu kilichomfanya mzee acheke hadi akaegemea lango. Baadaye nilimuuliza Mkaguzi kwa nini anaanza na mlinzi wakati mishahara imeandikwa kwenye vitabu. Akaniambia kampuni ikiishiwa pumzi, wa kwanza kuhisi ni mlinzi na mfagiaji, kisha msambazaji, na benki huwa ya mwisho kabisa kujua. Ndiyo maana yeye alianzia chini.

Asubuhi nzima ya siku ya pili alikaa kwenye benchi letu la nje, kama mtu anayesubiri rafiki. Nikadhani amechoka. Kumbe alikuwa anasikiliza wateja. Mteja akitoa pesa au simu alipe, ananyamaza. Mteja akisema "niandikie", anatikisa kichwa kidogo. Siku hiyo alitikisa kichwa mpaka nikamwonea huruma shingo yake.

Sasa lazima nieleze hili la kuandikiwa, kwa sababu ndilo lililotutia matatani, na sidhani watu wa mahali pengine wangefanya kosa hili kwa namna tulivyolifanya sisi. Kwetu mkulima wa chai analipwa kidogo kidogo kila mwezi, halafu mara moja kwa mwaka anapata bonasi. Mambo yote makubwa yanasubiri bonasi. Kitanda kinasubiri bonasi, posa inasubiri bonasi, na paa la nyumba linasubiri bonasi. Basi kaka, kwa akili yake ya shahada, akasema kwa nini paa lisubiri? Chukua mabati leo, ezeka, ulipe bonasi ikija. Watu wakamiminika! Mlima Manga mzima ukaanza kung'aa. Ukisimama kwenye ukingo wa mlima asubuhi ungeona mabati yetu hadi macho yakuume, na kaka alikuwa akiwaleta wageni wake pale kuwaonyesha kwa kidole. Aliona paa zile ni pesa zake. Mabati yalikuwa yetu kweli, lakini pesa zilikuwa bado kwenye mti, hazijachumwa.

Mkaguzi alinifundisha uwiano wa ukwasi juu ya kaunta, kwa misumari. Hakuwa na subira na maneno makubwa. Nilimwambia sikusomea biashara, akasema vizuri, sina la kukufutia kichwani.

"Ukwasi ninaousema mimi si utajiri," alisema. "Mama yako ana shamba la chai, lakini akitaka nauli leo anauza kuku. Kuku ndiye ukwasi wake. Shamba ni mali, lakini halipandi gari."

Akarundika misumari upande wa kulia: haya ni madeni tunayopaswa kuyalipa ndani ya mwaka. Upande wa kushoto akarundika mara mbili yake: hizi ni mali zinazotarajiwa kugeuka pesa ndani ya mwaka. Kwa kila shilingi tunayodaiwa, tuna mbili. Kaka alikuwa amelipigia mstari hilo kwa wino mwekundu, na benki ilikuwa imefurahi. Kisha Mkaguzi akakusanya sehemu ya rundo la kushoto akairudisha kwenye pipa. "Toa stoki. Mabati hayalipi deni mpaka mtu ayanunue, na simenti yenu nimeigonga mwenyewe." Marundo yakalingana. Nikapumua, nikasema basi, shilingi kwa shilingi, si mbaya. Akanitazama, akachota tena rundo la kushoto, safari hii konzi kubwa. "Toa wanaosubiri bonasi." Ilibaki misumari michache ya kuhurumia.

"Hii ndiyo pesa mliyo nayo," akasema. "Kwa kila shilingi mnayodaiwa mna senti kumi na tano. Msambazaji wenu wa mabati ana cheki zenu za tarehe ya mbele, cheki kila mwisho wa mwezi. Yeye hana habari na bonasi."

Nikafikiria sanduku la Mama.

Watu walisema Mkaguzi hana moyo. Walisema hana bwana ndiyo maana, hana mtoto ndiyo maana, kila kitu kikawa ndiyo maana. Upuuzi mtupu. Wanaume wakali wa hesabu mji huu unao tele, na hakuna anayeuliza wamelala na nani. Nilipokuwa nikimtetea hivyo sokoni, wanawake wenzangu walicheka wakaziba midomo, lakini hakuna aliyenipinga.

Hata kanisani kwake hakulegeza. Alikuwa Msabato kindakindaki. Ijumaa jua likizama simu yake inazimwa, na mteja anayetaka kumsumbua Jumamosi amsumbue Mungu kwanza. Lakini ibada hiyohiyo ndiyo aliyoivuruga siku mzee wa kanisa aliposimama kutangaza mfuko wa ujenzi. Mzee alisoma jumla kwa sauti ya furaha, watu wakaitikia amina, na akasema fundi aitwe wiki hiyo hiyo. Mkaguzi akanyoosha mkono.

"Mzee, samahani. Hizo ni pesa au ni ahadi?"

Mzee akasema kwamba ahadi ya Mkristo ni pesa. Mkaguzi akasema ahsante, basi tumwite fundi, na mwisho wa wiki tumlipe ahadi. Walimnunia miezi. Hakuhama kanisa, hakukaa nyuma, aliketi kiti chake kilekile cha mbele na koti lake la buluu. Ukuta wa kanisa ulisimama kwenye lenta, juu kidogo ya madirisha, kwa muda mrefu, na kila Sabato wote waliutazama wakakwepa macho yake. Yeye hakuwahi kusema "niliwaambia". Nadhani hilo ndilo lililowauma zaidi.

Lakini msije mkadhani alikuwa malaika wa hesabu. Nyumbani kwake Sironga palikuwa aibu tupu. Mara ya kwanza nilipomtembelea nilikosa pa kuweka mguu: miavuli iliyovunjika, sufuria zisizo na vifuniko, vifuniko visivyo na sufuria, redio za kale, magazeti hadi dirishani. Mtu anayewafokea wenzake kwa sababu ya mifuko ya simenti iliyoganda! Nikamchokoza, "Mkaguzi, na hii ni mali ya muda gani?" Akacheka mpaka akakohoa, akafuta macho. "Hii ni mali ya milele, msichana wangu. Nikifa mtaipangia bei."

Na alikopesha. Ndiyo, yeye! Aliyetwambia usikopeshe kwa huruma alikuwa na dada yake mwenye mashine ya kusaga, na mashine hiyo ilikuwa ikiharibika kila mara dada anapokwama. Mkaguzi alitoa, akatoa tena. Nilipomuuliza kama amelisahau somo lake, alinijibu bila kupepesa, "Lile sikuliandika deni. Nililiandika limepotea siku ileile nilipolitoa. Wewe andika hivyo uone kama utakuwa unakopesha ovyo." Mpaka leo sijui kama hiyo ni hekima au ni kisingizio tu cha mtu anayempenda dada yake.

Basi ikafika siku ya mkutano wa wenye hisa. Kaka alitaka ufanyike hotelini Kisii, pamoja na chakula cha kupakua mwenyewe. Mkaguzi akauliza mwenye hisa nyingi anaishi wapi. Akaambiwa Manga. Akasema basi, mkutano uko Manga.

Mvua ya mchana ilikuwa imepita na njia ilikuwa utelezi mtupu. Alipanda pikipiki hadi ilipokataa, akashuka, akapanda kilima kwa gambuti zake. Mama alikuwa ameketi barazani akichambua mboga za managu. Alimletea chai, nami nikashika pumzi. Mkaguzi akainywa. Akaomba cha pili! Kaka aliniangalia kana kwamba mimi ndiye nimemroga. Nilipomuuliza baadaye alisema, "Ile haikuwa chai ya mteja. Ile ilikuwa chai ya mtu aliyekuwa karibu kupoteza shamba bila kuambiwa."

Kaka alizungumza vizuri. Siwezi kumnyima sifa hiyo. Alisema kampuni inakua, wateja wamejaa, paa zote hizi zinazong'aa ni ushahidi, na kinachohitajika ni hesabu safi na hati, mkopo utoke. Kisha akamgeukia Mkaguzi.

"Madam, tuelewane. Deni litakalolipwa ndani ya mwaka ni mali ya muda mfupi. Hiyo ni kanuni, hata wewe umeisomea. Bonasi iko ndani ya mwaka. Mimi nimekosea wapi?"

"Kanuni hujaikosea. Umekosea kalenda. Wewe unalipwa mara moja kwa mwaka, na unalipa kila mwezi. Katikati hapo utalipa na nini?"

"Na mkopo."

"Umesema mwenyewe."

Kaka akaiona ile aya aliyoiandika Mkaguzi mwishoni mwa ripoti, inayosema waziwazi kwamba kampuni huenda ikashindwa kulipa madeni yake yanapofika. Akamwomba aiondoe. Alimwomba kwa upole, halafu kwa ukali, halafu akamwahidi ukaguzi wa kampuni kwa miaka mingi ijayo, pamoja na wa tawi la Nyamache. Mkaguzi alikuwa anavaa miwani.

"Nitatia sahihi leo hii," alisema. "Na aya inabaki. Ukitaka isiyo na aya, katafute mwingine."

"Unaua kampuni ya watu!"

"Usinipigie kelele mbele ya mama yako. Kampuni nimeikuta inakohoa."

Muda wote huo Mama alikuwa akichambua managu yake. Kiswahili chake ni cha kubahatisha, kwa hiyo aliuliza kwa Ekegusii, na Mkaguzi akamjibu kwa Ekegusii. Aliuliza: hawa walioezeka mabati, sisi tunawadai? Ndiyo, Omongina, akajibiwa kwa heshima anayopewa mama mzee. Na mwenye mabati anatudai sisi? Ndiyo. Na kati yetu na hao walioezeka, nani atagongewa mlango kwanza?

"Ni nyinyi, Omongina. Na nyinyi hamtakuwa na kitu mkononi isipokuwa shamba hili."

Mama akayaangalia majani ya chai, akaiangalia nyumba yangu kule konani, ambako binti yangu alikuwa anaanika nguo. Akasema, "Yaya." Hiyo kwetu ni hapana, na Mama akiisema haisemi mara mbili. Alirudi kwenye managu yake. Kaka aliondoka bila kuaga, na mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, kwa furaha, sioni haya kusema.

Hakukata tamaa, kaka yangu. Alifungua Nyamache bila mkopo, kwa mali ya msambazaji, cheki juu ya cheki. Akaleta mkaguzi mwingine anayekunywa chai. Mwaka huo bonasi ikaja nyembamba. Watu wakalipa karo kwanza, wakalipa madeni ya matanga, na sisi tukaambiwa tungoje nyingine. Wangefanyaje? Ni ndugu zetu, tunazikana nao. Cheki zikaanza kurudi. Lori la msambazaji likaja Nyamache siku ya soko, watu wamefurika, likapakia mabati yote liliyoyaleta na mengine juu yake, na kaka akasimama kando akishika simu sikioni bila kuzungumza na mtu. Tawi likafa. Duka la Nyamira likabaki na rafu tupu na mimi kwenye kaunta. Kaka akaenda Nairobi akaajiriwa, na anaendelea vizuri. Shamba halikuguswa hata shina moja.

Na unajua mji ulisema nini? Ulisema Mkaguzi alitutabiria mabaya. Eti ulimi wake una mkosi. Eti angenyamaza tu, benki ingetoa, na mambo yangejipanga. Wateja wakamkimbia, mmoja baada ya mwingine, wakaenda kwa wale wanaokunywa chai. Nilikuwa nikipandwa na hasira nataka kwenda duka kwa duka kuwapigia kelele. Yeye hakutaka.

"Waache. Daktari akikuambia una presha, hajakuletea yeye."

"Lakini wanakuharibia jina, Mkaguzi!"

"Jina langu liko palepale. Wao ndio waliohama."

Hakupunguza bei yake, hakulainisha aya zake. Alipobakiwa na wateja wachache, aliwakagua wachache hao kwa ukali uleule. Mama naye, kimya kimya, alinipeleka ofisi ya ardhi akaliweka jina langu kwenye hati pamoja na lake. Binti aliyerudi nyumbani, jina kwenye hati! Baba zangu wadogo walikuja kulalamika, Mama akawapa chai, wakainywa, wakarudi walikotoka.

Duka nililisimamisha upya, pole pole, kwa pesa mkononi. Mabati hayatoki bila malipo, hata uwe shangazi yangu. Miaka imepita na duka limejaa tena, na sasa ni langu.

Mwaka huu akaja. Alikuwa ameshastaafu, anatembea na fimbo, goti moja limevimba, lakini koti ni lilelile. Alikuja kununua mifereji ya maji ya mvua. Nilimkumbatia mbele ya wateja, nikamwingiza ofisini, nikamkalisha kwenye kiti changu. Nilikuwa na jambo la kumwonyesha na nilikuwa nimelisubiri kwa hamu. Nilikuwa nimeomba mkopo wa kujenga ghala na kununua lori. Hati ya Manga ilikuwa tayari benki. Mama alitia kidole gumba bila kuuliza, kwa sababu ni mimi. Hesabu zangu zilikuwa mezani: kwa kila shilingi ninayodaiwa, nina tatu. Tatu! Nilitaka anisifu. Nilitaka hilo kuliko lori.

Alivaa miwani. Alisoma taratibu, kidole kikishuka.

"Stoki nitaiamini, wewe hulazi simenti," alisema. "Hawa wadaiwa ni nani?"

"Shule mbili za bweni. Mabweni mapya, maabara. Zinasubiri pesa za serikali."

"Tangu lini?"

Nikasema tangu mwaka jana. Nikaharakisha kuongeza kwamba shule si mkulima, shule ina muhuri, shule haikimbii. Alichukua kalamu yangu akapiga mstari juu ya shule zote mbili, akafanya hesabu pembeni, akaigeuza karatasi upande wangu. Nilikuwa na senti thelathini.

"Umefanya kosa la kaka yako," alisema. "Umebadilisha tu anayengojewa. Kaitoe hati."

Damu ilinipanda. Sijui ilitoka wapi. Nilisimama nikamwambia kwamba miaka yote nimemtetea, nimegombana na mji mzima kwa ajili yake, na leo anakuja dukani kwangu kunipigia mistari kama mtoto. Nikamwambia hajawahi kuona kitu cha mtu kikikua akafurahi. Nikamwambia waliosema hana moyo walijua. Yeye alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akaichukua fimbo, akainuka kwa shida, na sikumsaidia.

"Kaka yako nilimwambia hapana, naye ni mwanaume na ni mkurugenzi," alisema. "Ulidhani wewe nitakuambia ndiyo kwa sababu unanipenda?"

Akaenda kaunta, akalipa mifereji yake kwa pesa taslimu, akadai risiti, akaisoma yote, akatoka. Kijana mmoja alimbebea hadi kwenye pikipiki.

Kesho yake nikaenda benki Kisii. Ofisa wa mikopo, kijana mpole, alisema, "Mama, lakini mkopo umeshapita, umebaki kutia sahihi tu."

"Nipe hati yangu."

"Kuna tatizo gani? Uwiano wako ni mzuri sana."

"Nipe hati."

Aliniletea baada ya kunizungusha. Niliikunja nikaitia kifuani, nikapanda Manga kwa miguu sehemu ya mwisho. Binti yangu alikuwa mlangoni akifagia. Nilimpa Mama, akairudisha sandukuni.

Shule bado hazijalipa. Mhasibu wa moja ananiambia wiki ijayo, wa nyingine hapokei tena simu. Mkaguzi sijampigia, wala sijamshukuru, na nikipita Sironga ninaangalia upande wa pili. Hasira bado ninayo. Nyumba pia ninayo.